Siku Nilipomvika Ujane Mama Tumaini

Kwa miaka mingi, kila nilipoulizwa kama ni kweli niliwahi kumvika mtu ujane mumewe akiwa hai, nilijibu kwamba hayo ni maneno ya watu wa Makandana, mtaani kwetu Tukuyu, ambao mvua yao haikatiki kwa hiyo hawana kazi ila kuzua. Leo nakiri: ni mimi, na shahada yangu kabatini.

Nilikuwa mwalimu mgeni Tukuyu, nimetokea Morogoro, enzi zile soko huria limeingia na kila kitu cha Ulaya kinashushwa mnadani kwenye marobota ya mitumba. Ndani ya mkoba mmoja wa ngozi nilioununua nikakuta karata za taroti, zile za kutazamia mambo, zenye picha za wafalme na minara, pamoja na kijitabu chake. Nikakisoma chote (huo ndio ugonjwa wetu wasomi), nikaanza kuwaelimisha majirani kwamba mtazamaji hana pepo, hajarithi chochote kwa bibi yake, na karata hazitabiri, zinamsaidia mtu kufikiri tu. Walinisikiliza kwa adabu, halafu wakaniita mganga.

Jumamosi moja asubuhi akaja jirani yangu, mama Tumaini, na chupa ya maziwa. Mumewe alikuwa akifanya kazi kiwandani Dar es Salaam na barua zake zilikuwa zimekatika miezi miwili.

"Mwalimu, nitazamie tu kama yupo."

Ilinipasa kukataa. Badala yake nikatandika khanga mezani, nikachanganya karata kwa madaha, nikamwambia achomoe moja.

Akachomoa mifupa ya mtu imepanda farasi.

Sasa, kijitabu kilisema waziwazi kwamba karata ya kifo ndiyo watu wanayoielewa vibaya kuliko zote: kinachokufa ni jambo, si mtu. Nami nikataka kumweleza taratibu asishtuke, kwa hiyo nikamsogezea glasi ya maji, nikasema, "Kaa kwanza, mama Tumaini. Kunywa maji. Usiogope, hakuna aliyekufa."

Jamani! Nani asiyejua jinsi habari ya msiba inavyotolewa kwetu? Hakuna anayekuambia fulani kafa. Unaambiwa ukae, unapewa maji, unaambiwa hali si mbaya sana. Mama Tumaini aliitazama ile glasi, akanitazama mimi, akaangua kilio kilichosikika hadi hospitalini.

"Nimesema hajafa!" nikapiga kelele.

"Ndivyo wanavyosemaga!" akajibu shangazi yake, ambaye mpaka leo sijui alitokea wapi.

Kufika saa tisa mikeka imeshatandikwa, ndugu zake wa kijijini Masukulu wameshaingia na mikungu ya ndizi kichwani, na mimi, katika kujaribu kuyamaliza, nimezitia karata kwenye jiko la mkaa (wakasema nafuta ushahidi). Mwenye duka, ambaye ndiye pekee mtaani aliyekuwa na simu, alipiga kiwandani akaacha ujumbe kwa mlinzi, tukasubiri, nusu ya msiba imehamia dukani kwake.

Simu ilipolia, mama Tumaini aliipokea kwa mikono miwili. "Baba Tumaini? Ni wewe?"

Vigelegele vikapasua duka. Shangazi akanipiga kofi la mgongoni, nusu msamaha, nusu onyo. Lakini mama Tumaini hakucheka. Alimsimulia habari ya karata na msiba, akasikiliza muda mrefu, kisha akatugeukia.

"Kiwanda kimeuzwa. Wamepunguzwa wote. Alikuwa anaona haya kuandika."

Duka zima likanikodolea macho. Akanipa mkonga wa simu.

"Shikamoo, baba Tumaini."

"Marahaba, mwalimu. Nasikia karata zako zilijua."

Nikamwambia zilikuwa karatasi tu, nimezichoma, sitashika tena hata za kuchezea, na anisamehe kwa kumwekea msiba mzima, wenye mikeka na mikungu sita ya ndizi.



"Hiyo mikungu," akasema, "waambie wasiirudishe Masukulu. Nafika Alhamisi. Tutaihitaji."