Mlango wa Handaki

Mama Reli hakuwa na masihara na mlango wake. Ikigonga saa sita mchana anaufunga, na ole wako uguse kitasa! Aliwahi kumfukuza hata Mkuu wa kituo cha kutazama nyota, profesa mzima, akarudi kinyumenyume kama kuku aliyekutwa jikoni.

Na haki alikuwa nayo. Juu ya kilima zilikuwapo darubini nne, na kila moja peke yake iliona nyota kama nukta tu. Zikiunganishwa, mwanga wa zote ukapitishwa kwenye mabomba hadi handakini ukutane kwa pamoja, zinakuwa jicho moja lenye upana wa kilima, na ile nukta inapata sura. Mama Reli alitunza reli za handakini na vigari vinavyosogeza vioo mpaka mwanga ukutane. Adui wao alikuwa hewa isiyotulia. Joto la mwili wa mtu mmoja tu liliweza kuivuruga hadi alfajiri.

Sasa wafadhili walikuwa wamechoka. Walitoa usiku mmoja wa mwisho: sura ya nyota isipopatikana, darubini zitawanywe, kila moja na njia yake.

Jioni ya usiku huo wa mwisho akasikia, au alidhani amesikia, gurudumu likilia nyuma ya mlango. Miaka yote ile, halafu gurudumu limwangushe leo? Akafungua, akaingia, akainama kulipapasa. Lilikuwa zima kabisa. Jamani, hofu hii! Akatoka upesi na kufunga, akijipa moyo kwamba hakukaa sana.

Asubuhi kwenye skrini kulikuwa na ukungu mtupu. Mkuu, macho yamemwiva, alimshika bega.

“Usijilaumu, mama. Handaki lako lilitulia kama siku zote. Nyota ndiyo imetukataa.”

Aseme nini? Na akisema, kitarudi nini? Akaitikia kwa kichwa.

Wiki iliyofuata mafundi walikuja kung’oa reli. Wakaingia na kutoka mchana kweupe, mabuti miguuni na vikombe vya chai mikononi, wakipiga soga.

“Mlango! Fungeni mlango!” Mama Reli alipiga kelele kabla hajajijua.

Wakageuka kumtazama. Mmoja akacheka, bila ubaya.

“Tufunge ili iweje, mama?”

Wakauacha wazi.