Jiwe la Mlango wa Jikoni

Jiwe lile lilizuia mlango wa jikoni kwetu tangu kabla sijaanza shule. Lilikuwa jeusi, dogo kuliko kichwa cha mbuzi, lakini kulibeba ulihitaji mikono miwili na kukaza meno. Baba alikuwa fundi kiwandani, na hapa Likasi, kwenye migodi ya Kongo, nyumba ya mtu wa kiwanda au ya mchimbaji haikosi jiwe: la kijani juu ya kabati kwa ajili ya wageni, zito kwa ajili ya mlango. Hakuna anayeuliza limetoka wapi. Nani anauliza sufuria imetoka wapi? Mimi nimesomea fizikia, nimeifundisha miaka na miaka, na sikuuliza.

Tena mimi ni mtu wa kusema. Nipe ukumbi na watu ishirini, nitasahau kula. Kila Jumamosi nilizunguka parokia na makanisa ya maombi nikieleza umeme, maji, jinsi kompyuta inavyohesabu. Nilikuwa na sentensi yangu niliyoipenda: sayansi inaondoa woga. Niliisema kidole juu, najiona mtu kweli kweli. Leo nikiikumbuka natamani kujizaba kofi.

Walionipa kazi ya kweli ni wasioona. Parokia ilikuwa na kikundi chao, watu wazima saba, wakaomba na wao wafundishwe kompyuta. Kompyuta ya kuwasomea kwa sauti hatukuwa nayo, na umeme wa mtaa wetu, tabia yake inajulikana. Niliumiza kichwa wiki nzima. Kompyuta inajua mambo mawili tu, moja na sifuri. Mwenye macho unamchorea ubaoni, asiyeona unamfanyaje? Mwishowe nikapata: uzito. Nikatoboa ubao mashimo manane katika mstari mmoja. Katika kila shimo kinakaa kipande, kizito ni moja, chepesi ni sifuri, vyote vya ukubwa uleule ili mtu asibahatishe kwa kupapasa, bali ainue na kupima mkononi. Mashimo manane yanatosha herufi moja. Vipande vyepesi nilivichonga kutoka kwenye tofali. Vizito nikavikosa, mpaka siku nilipojikwaa kwenye mlango wa mama.

Nililivunja mwenyewe uani kwa nyundo, nikakohoa vumbi lake, nikafagia, nikachagua vipande vinane. Mama alinuna. Alisema ile ni zawadi ya baba mdogo, aliileta kutoka Shinkolobwe enzi zile anachimba kule, na sasa mlango wake utazuiwa na nini? Katika maneno yote hayo nilisikia mlango tu. Nikamletea tofali, yakaisha.

Kati ya wale saba alikuwepo mama mmoja ambaye macho yalimwacha akiwa darasa la nne la sekondari. Mume wake anachimba Kakanda, anarudi anapojaliwa; nyumbani yuko na binti yake wa miaka miwili. Wenzake walikuja kwa kucheka na kupitisha wakati. Yeye alikuja kujifunza, tena kwa hasira, kama mtu anayedai kitu chake alichonyang'anywa. Jumamosi moja alipanga vipande, akanitajia herufi, akavipanga upya, akanitajia nyingine, mpaka jina lote la binti yake likatimia. Kisha akaiacha mikono juu ya ubao. Alisema tangu apoteze macho hakuwa ameandika kitu chochote. Nililia, na sioni haya kusema. Nikamwambia achukue vyote, ubao na vipande, akajizoeze nyumbani. Akavitunza chini ya kitanda anacholala na mtoto, na kila Jumamosi alivileta ndani ya kapu.

Ndipo akaja injinia kutoka Lubumbashi. Mgodi wa Shinkolobwe umefungwa, lakini watu wanaingia kwa wizi, na mawe yake yanatoka ndani ya magunia bila mtu kujua yanaishia wapi. Alikuja kueleza hatari yake. Hakuwa mzaliwa wa huku, alijua Kifaransa tu, kwa hiyo parokia ikaniomba nitafsiri. Ilitangazwa misani kwamba kila mtu alete jiwe la nyumbani, na watu walileta, yee, kama siku ya sadaka.

Alikuwa na kifaa cha ukubwa wa tofali, kinachogonga tik, tik, polepole. Alikisogeza kwenye jiwe la kijani la mzee mmoja: tik, tik. Kwenye jingine: tik, tik. Mimi na kipaza sauti changu nilitafsiri na kuongeza utani wangu, ukumbi ukacheka. Nilikuwa katika siku zangu nzuri. Hata nikasema, jamani, ngojeni, tuna mawe yetu wenyewe, yanayofundisha kompyuta, na mimi ndiye niliyeyatengeneza. Nikamwomba yule mama apitishe kapu mbele.

Kifaa kikalia kama mafuta ya moto yaliyoingiwa na maji. Injinia akarudi nyuma hatua moja. Aliniuliza kwa Kifaransa mawe haya yametoka wapi, nami ndipo nikayasikia yale maneno mengine ya mama: Shinkolobwe. Akaueleza ukumbi taratibu, akisubiri nitafsiri: haya ni mawe yenye urani, yanatoa mionzi ya kudhuru mwili, yasikae ndani ya nyumba hata siku moja zaidi, hasa chumba cha kulala, na mtoto asiyaguse kamwe. Aliyeyashika anawe mikono sasa hivi.

Ukumbi ulinitazama. Yule mama alikaa mstari wa kwanza, uso ameuinua, mikono mapajani. Nilijiambia nitamweleza pembeni, kwa upole, nisimtie hofu mbele ya watu. Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza, wa kujidanganya mwenyewe. Ukweli ni kwamba niliona aibu. Nikasema kwa Kiswahili kwamba mashini imechoka kidogo, na mawe haya yana madini mengi, ndiyo maana inapiga kelele. Watu wachache wakapiga makofi.

Yule mama akasimama.

"Prof, haiko vile alisema," akasema. "Minye niko nasikia Français. Alisema mutoto."

Injinia alitutazama mmoja mmoja bila kuelewa.

"Sema vile alisema."

Nikasema. Neno kwa neno, mpaka mwisho, kwa sauti ambayo sikuijua. Hapakuwa na maswali. Watu walitoka wakapanga mstari kwenye bomba la uani kunawa mikono, na wale wasioona walishikana mabega, wa mbele akiongozwa na mtunza parokia. Miaka yangu yote ya kusema, hakuna siku walinielewa vizuri kama siku ile.

Injinia alivitia vipande ndani ya kopo la chuma. Vilikuwa saba. Yule mama akasema cha nane kiko nyumbani, binti yake anakipenda, anakificha, wakati mwingine analala nacho. Alisema hivyo bila kupandisha sauti. Injinia akabaki na kifaa chake kupima mawe yaliyosalia, nami nikaomba kumsindikiza. Jumamosi nyingine zote alikuwa akinishika mkono njiani. Siku hiyo alitembea na fimbo yake, upande wa pili wa barabara.

Mtoto alikuwa kwa jirani. Mlangoni nilimwambia aniachie mimi niingie nitafute, nina macho, itakuwa haraka.

"Hapana, Prof. Bakia inje. Ile jiwe, macho yako iliiona tangu utoto."

Nikabaki uani. Dirisha lilikuwa wazi, nikamsikia amepiga magoti, anakwenda polepole kutoka ukuta hadi ukuta. Kiatu cha mtoto, kopo, kitambaa kilichofungwa fundo: kimoja kimoja alikiinua, akakipima mkononi, akakiweka chini, kama nilivyomfundisha.