Kiti cha Safu ya Nyuma

Sijawahi kuwa mtu wa kutulia. Hata haya nayaandika nimesimama, daftari juu ya friji, maana nikikaa kidogo tu goti la kulia linaanza kelele zake.

Nilikuwa mpiga makasia katika timu ndogo ya Kunduchi. Mashua yetu ilikuwa ya watu wanne, na viti vyake huteleza juu ya reli: unajikunja mpaka magoti yanakaribia kifua, kisha unasukuma kwa miguu yote miwili. Watu hudhani ile ni kazi ya mikono. Waulize magoti.

Kocha alikuwa karibu kuchagua wanne wa kwenda kushindana Mwanza, na goti langu lilikuwa limevimba wiki ya tatu. Daktari aliniambia nipumzike miezi miwili. Nikaitikia vizuri, na kesho yake alfajiri nikawa majini. Mama aliniona nikishuka ngazi huku nimejishika ukutani, akasema, "Mficha maradhi kifo humuumbua." Nilimjibu ni uchovu tu, tena kwa ukali, kwa sababu alisema kweli.

Tatizo likawa sala. Kocha alikuwa akiswali Ijumaa msikiti wetu, kule Wazo, mara nyingi safu moja na mimi. Kusujudu niliweza kwa kuuma meno. Kukaa tahiyatu, miguu imekunjwa chini yangu, sikuweza kabisa. Basi Ijumaa moja nikadanganya kwamba nina mgonjwa Tabata, nikaenda kuswali hukohuko, nisikojulikana. Nikachukua kiti cha plastiki safu ya nyuma, pamoja na wazee. Kugeuka, kiti cha pembeni yangu amekaa mwenzangu wa mashua, yule anayekaa mbele yangu kila asubuhi.

Hotuba ilikuwa imeshaanza, hatukuweza kusemeshana. Sikumbuki hata neno moja la hotuba ile.

Tulipotoka, tukitafuta viatu, nikamuuliza, "Na wewe?"

"La kushoto. Tangu mfungo."

Tulicheka mpaka watu wakatutazama. Kumbe ndiyo maana mashua ilikuwa haiendi sawa, na kocha kamgombeza fundi wa mashua mara mbili bure.

"Jumatatu tumwambie kocha, wote wawili," akasema. "Nikianza mie, we fuata."

"Sawa," nikasema, na wakati ule nilikusudia.

Jumatatu alianza yeye. Alimwamkia kocha shikamoo, akamwambia goti lake halifai. Kocha akatuangalia mmoja mmoja, akauliza kama kuna mwingine. Mimi niliinama nikajipangusa mchanga miguuni. Mwenzangu alinitazama, lakini hakunitaja.

Nilikwenda Mwanza. Tulishika nafasi ya nne, na kwenye basi la kurudi nilishushwa kwa kushikwa mikono miwili.

Imepita miaka minne. Yeye alipumzika, akatibiwa, msimu uliofuata akarudi majini. Siku hizi amehamia mtaani kwetu. Kila Ijumaa, kabla ya hotuba, huenda stoo ya msikiti akaniletea kiti, akakifuta vumbi kwa kiganja, kisha akasogea mbele kwenye mkeka. Namwona anavyokunja magoti yote mawili bila kufikiria, na ninamwonea wivu humohumo msikitini. Sijamwomba radhi. Kila wiki natoka nyumbani nimekusudia, na kila wiki akishaweka kile kiti nasema tu ahsante.