Skrini ya Upande wa Wateja

Duka langu liko Nyeri mjini, karibu na Majengo, na kazi yangu ni kutengeneza vijitabu vya mazishi: picha ya marehemu kwenye jalada, ratiba ya ibada, kisha wasifu wake, alizaliwa wapi, akasoma wapi, ameacha watoto wangapi. Nina skrini mbili. Moja inanitazama mimi. Nyingine nimeigeuzia benchi la wateja, ili familia ione kazi ikiendelea na iache kuja kunisimamia nyuma ya kiti.

Ile programu ya kupangia kurasa ni kaidi. Hufunguka palepale ilipofungwa mara ya mwisho. Ukiifungia kwenye skrini ya wateja, itafunguka huko, hata kama wewe umeikodolea macho skrini yako. Kwa hiyo nilijiwekea sheria ya kuirudisha kwangu kabla sijaifunga. Kuna vitufe vitatu vya kubonyeza pamoja, dirisha linahamia upande wa pili. Vidole vyangu vilivijua bila kuangalia.

Mwaka jana daktari alituambia, mimi na dada yangu, kwamba mama hakuwa na miezi mingi. Hatukumwambia. Tulisema ni vidonda vya tumbo, ameze dawa, aache chai ya maziwa. Mama na ng'ombe wake wawili, aache chai ya maziwa! Alitucheka.

Nimeona familia zikigombana mbele yangu juu ya mwaka aliozaliwa baba yao. Niliapa hayo hayatatupata sisi, nikaanza kuandika wasifu wa mama angali hai. Kila Jumamosi nilipanda Tetu, nyumbani kwake, nikamkuta akichambua maharagwe, nikamuuliza. Ulisoma wapi? Nani alikusimamia ulipoolewa? Mwanzoni aliona aibu, kisha akafunguka. Alinieleza jinsi alivyochuma kahawa ya watu hadi akanunua viatu vyake vya kwanza, na jinsi alivyovibeba mkononi hadi mlango wa kanisa ili visichakae. Akawa ananingoja langoni. Siku moja nilimsikia akimwambia jirani, "Huyu siku hizi anapenda sana stori zangu." Nilijiona mjanja. Nikirudi mjini nilichapa yote.

Basi Jumanne moja mama alitoka kliniki, akapitia dukani kupumzika. Familia fulani ya Endarasha ilikuwa imeondoka dakika chache tu kabla yake. Walikuwa wamebishana juu ya picha hadi wakanichosha, nikafunga kila kitu bila kukirudisha upande wangu. Mama akaketi kwenye benchi lile lile. Katika maongezi akataja mwaka aliobatizwa, jambo nililolitafuta kwa wiki kadhaa. Nikaogopa kusahau, nikafungua faili yake huku nikitazama skrini yangu. Hakuna kitu. Nikadhani mashine imekwama. Nikabonyeza tena, nikaitukana chinichini.

"Hii ni mimi," mama akasema.

Picha yake akiwa na kitambaa cha bluu kichwani ilikuwa imejaa skrini ya wateja, na chini yake mwaka wa kuzaliwa, kistari, kisha nafasi tupu. Vile vitufe vitatu vilinipotea kabisa. Nikachomoa waya ukutani, skrini zikazimika zote mbili. Alikuwa ameshasoma.

Nilikuwa na uongo tayari kuhusu ugonjwa. Hakuuhitaji.

"Ugonjwa niliijua," akasema. "Mtu anajua mwili yake. Lakini hizo Jumamosi... Mimi nilifikiri unaniuliza ndio unijue. Kumbe ilikuwa ni ya hii kitabu?"

"Mama, hata kukujua nilitaka."

"Sawa," akasema, kama mtu anavyomwambia muuzaji aliyempunja na hataki kelele. Akachukua mkoba wake, akakataa nimsindikize. Nililia pale dukani, nikamfukuza mteja aliyekuja kutoa nakala za kitambulisho.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda bila daftari. Nilimuuliza alikuwa anaogopa nini alipokuwa msichana, swali lisilofaa kijitabu chochote.

"Wewe andika tu vile unaona," akasema, kisha akaniuliza kama nimekula. Hakunikasirikia. Alinipakulia, akaniombea kabla sijaondoka, kama kawaida. Lakini hakunisimulia tena. Wiki zote zilizobaki alizungumza nami habari za ng'ombe na mvua, na hakuwa ananingoja langoni. Nilimuomba msamaha mara mbili. Mara zote mbili alisema yameisha.

Siku ya mazishi kijitabu kilisifiwa sana. Hakikuwa na kosa hata moja la tarehe. Shangazi yangu alinishika mkono kando ya kaburi, akasema inaonekana tulikuwa tukiongea sana, mimi na mama.