Feni ya Mama Mkwe

Kazi yangu ni kutengeneza mitambo ya umeme wa jua hapa Kalemie, kwa hiyo upumbavu nimeuona wa kila rangi. Lakini siku niliyokuta feni ya mgonjwa ikipuliza sanduku la chuma ukutani, nilikosa hata tusi la kuanzia.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa mama mkwe wangu. Aliletwa kwa treni kutoka Kabalo, kifua kimembana, akalazwa kwenye kituo kidogo cha afya, katika chumba pekee chenye mashine ya oksijeni. Mimi nilikaa koridoni. Kwetu mwanamume haingii mahali alipolala mama wa mke wake. Hata njiani wakikutana, mmoja humpisha mwenzake. Basi nilichokiona ni kile kilichoruhusiwa na mlango: ncha ya kitanda, betri chini ya dirisha, inveta, lile sanduku la kugeuza umeme wa betri, ukutani juu yake, na feni imempa bibi wa watu mgongo.

Inveta ilikuwa mle chumbani kwa sababu stoo yake ilikuwa imegeuzwa biro, yaani ofisi, ya msimamizi. Kila baada ya muda ilijizima yenyewe, mashine ya oksijeni ikalia, na mke wangu akatoka mbio kumwita nesi aje kubonyeza kitufe. Katikati ya hapo mama yule alipumua kwa mdomo, na sisi sote tulikuwa tunamsikia. Niliogopa. Nikimwogopea mtu, hasira ndiyo inayotangulia kutoka.

Nikamwendea msimamizi, nikamuuliza ni nini kinachoizima inveta.

"Papa, njo joto ya transistore," akaniambia kwa fahari, kama aliyezivumbua. "Tumeipatia vantilatere ya mugonjwa. Sasa tunangojea betri kubwa."

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Huyu alikuwa na upara.

Ndani ya inveta, transista hufungua na kufunga njia ya umeme kwa kasi isiyoonekana kwa jicho. Umeme ukizidi, zinaungua. Kwa hiyo ni lazima umeme upimwe. Aliyeunda sanduku lile alipima kwa uvivu. Aliweka rezista njiani, kipande kinachobana umeme, umeme wote upite humo, uache alama ya volti kubwa inayosomeka bila taabu. Alama ikiwa kubwa, na hasara ni kubwa. Umeme wa betri unageuka joto la bure. Tena rezista ya bei chee ikishapata moto hubana zaidi, alama inapanda, inveta inadhani mzigo umezidi, inajizima. Na ile feni yao ilivuta umeme kutoka inveta ileile, kupitia rezista ileile. Waliongeza moto ili wapoze moto, halafu wakakaa kungojea betri.

Dawa yake haihitaji mfadhili. Unatia rezista ndogo zaidi, inayoacha alama hafifu, kisha unaikuza alama hiyo kwa chipu kabla haijasomwa. Vyote nilikuwa navyo kwenye mfuko wangu. Msimamizi akainua mabega: "Tengeneza, Papa. Lakini ikikufa, njo yako." Yaani ikifa, deni ni langu. Nesi alisema ipo chupa ya oksijeni yenye hewa kidogo, ingemshikilia mgonjwa wakati nafanya kazi. Nyaya nene za betri zilikuwa fupi, sanduku lisingeweza kutoka nje. Ilibidi niingie mimi.

Mama mkwe akakataa. Sauti yake ilitoka chumbani ikikatika: "Mukwe wangu... hawezi kuniona... nimelala. Hapana."

"Mwambie mama yako," nikamnong'oneza mke wangu, "mficha uchi hazai."

Akanitazama kutoka kichwani hadi viatuni. "Ingia umuambie weye mwenyewe. Neno hilo. Mama yangu."

Mwishowe yeye na dada yake walishika kikwembe, kitenge kipana, mmoja upande huu na mwingine upande ule, wakakitandaza kati ya kitanda na ukuta. Nikaingia nimeinamisha uso, nikamsalimia mkwe wangu kupitia kitambaa, nikazima inveta. Nesi akafungua chupa.

Mikono ilifanya kazi vizuri. Mdomo nao ukaamka. Nilipoing'oa rezista ya zamani nikamwonyesha nesi ubao ulivyobabuka chini yake, nikamweleza ujinga wa aliyeiweka. Nikahamia kwa msimamizi na biro yake, nikamaliza na feni. Nilikuwa nimekwisha kulehemu, nimepima, kila kitu kiko sawa, bado kubonyeza tu. Lakini nesi alikuwa anacheka, na mimi nilikuwa na la kuongeza juu ya betri kubwa. Nyuma ya kitambaa kulikuwa kimya. Nikaona ni dalili njema, bibi amepumzika.

Halafu kitambaa kikasogea. Mkono mkavu ukatoka chini yake, ukagonga fremu ya kitanda. Mama mkwe wangu, ambaye tangu nimuoe binti yake hakuwahi kunisemesha neno bila mtu wa katikati, alinisemesha.

"Papa. Chupa imeisha... zamani. Nilikuwa naona haya kukukatisha. Washa."

Nesi aliruka kwenye chupa. Mshale ulikuwa umelala kwenye sifuri.

Nikabonyeza. Mashine ikaguna, ikaanza kuvuta. Sanduku lilibaki baridi chini ya kiganja changu, halikujizima. Nilisikiliza. Pumzi ya kwanza ilikuja fupi, ya pili ikakwama kabisa, na mimi nikakishika kikwembe kile kwa mikono miwili nisijue kama nataka kukishusha au kukishikilia, mpaka ya tatu ilipoingia mpaka ndani, nikaanza kulia mbele ya wakwe zangu.