Soksi ya Baba

Baba aliteleza kwenye trela ya miwa kule Matungu, akaletwa hospitalini Kakamega nikiwa daktari wa zamu. Eksirei ilionyesha muundi umevunjika, nami nikaridhika na jibu hilo. Akaniambia kifundo cha mguu pia kinamuuma sana. Nikamjibu kwa kiburi cha msomi, "Baba, maumivu ya mfupa husambaa." Mimi ninayewafokea wanafunzi wodini kwamba muundi ukivunjika lazima kifundo nacho kipigwe picha, sikuagiza picha hiyo. Nikamfunga plasta.

Tulipoikata baada ya miezi kadhaa, muundi ulikuwa umeungana vizuri. Kifundo kilikuwa kimehama mahali pake na kukakamaa huko. Nikamweleza kosa langu, neno kwa neno. Alisema tu, "Umechoka, mama. Twende nyumbani."

Hajarudi tena shambani. Siku hizi wageni wakija, hupandisha suruali na kuwaonyesha muundi wake ulionyooka. "Huu ulitengenezwa na binti yangu," huwaambia. Kifundo hukiacha ndani ya soksi, hata jua liwe kali namna gani.