Barafu ya Mungu

Msafishaji wa shule hupuliza vidole kwanza, kisha hukwangua barafu ngazini, kidato kwa kidato, akinong'ona kama anayebembeleza mtoto. Orville humtazama akiwa garini. Kwenye ngazi hizo ndipo mke wa Orville, Lorene, alipoteleza akafa, na mahakama ikasema wilaya ya shule, mamlaka inayoiendesha, ina kinga, haishtakiki kwa barafu isiyoguswa na mtu. Leo wakili wa wilaya alimjia msafishaji mbio.

"Acha, bwana! Barafu ya Mungu haina kesi. Ukiigusa, mtu akianguka, kesi ni yetu!"

Msafishaji akachota chumvi kwa kiganja chenye sugu, akaimwaga mpaka kwenye viatu vya wakili.

"Basi iwe yangu, mheshimiwa. Mimi nashtakika."

Orville akashuka garini, akazipanda ngazi zile katikati, bila kushika chuma cha pembeni.